Papa Keza na Wale Watatu

Shangazi Donata hucheka kila nikisema "zamani". Anasema mtu wa miaka kumi na tisa hana zamani, ana juzi. Lakini wiki tatu zilizopita nilikaa sebuleni kwa Mama Keza, mtaa wa Batsinda, Kigali, kwenye msiba wa mume wake, na nilipoinua macho niliona ukutani mstatili mweupe pale ilipokuwa televisheni, rangi ikiwa safi mahali pale tu na ukuta mwingine wote umekuwa wa chai ya maziwa. Nikajua kwamba zamani ninayo. Ni ya mwaka mmoja, na karibu yote ilikaa ndani ya chumba kile. Watu walikuwa wakiingia, wanavua viatu mlangoni, wanamshika Mama Keza mikono yote miwili, halafu wanatafuta pa kukaa. Hakuna aliyenitambua. Nilikuwa nimefika asubuhi hiyo kutoka Karagwe, nimerefuka, na nimeanza kuvaa miwani. Mwisho Mama Solange, muuza mandazi, aliniangalia muda mrefu akiwa na kikombe mkononi, akamgonga jirani yake kiwiko: "Sha, si ni ule mtoto wa daftari?" Chumba kizima kikageuka. Uso ulinichoma kama ulivyonichoma nilipokuwa na miaka kumi na tano.

Sitaeleza kwa nini nililetwa Kigali mwaka ule. Ni maneno ya watu wazima na hayana faida hapa. Nilikuwa naingia mwaka wa tatu wa sekondari, nikapewa chumba cha nyuma kwa Shangazi, chenye dirisha moja lililotazama uani. Shangazi alikuwa anafanya kazi ya nyumbani kwa watu wa Nyarutarama, mtaa wa matajiri. Aliondoka kabla jua halijatoka na kurudi likiwa linazama, anavua viatu, anaweka miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, ndipo anaanza kuniuliza habari za shule. Nilimjibu kwa neno mojamoja. Nilikuwa mtoto wa aibu mbaya, ile inayokufanya urudi na sufuria tupu kutoka dukani kwa sababu umeshindwa kuita "hodi". Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchekesha, nilikisema kama mtu anayetembea gizani akinyoosha mikono. Kwa hiyo nilikaa chumbani nikaandika. Niliandika kwa Kiswahili kila kitu nilichokiona, chakula tulichokula, nani alikuwa amekonda, nani alikuwa amegombana na nani pale bombani. Daftari nililijaza kama watu wengine wanavyopiga soga.

Sauti ya Papa Keza niliijua kabla sijaijua sura yake. Ilikuja kupitia dirisha lile, Jumapili baada ya kanisa, kutoka nyumba ya tatu. Ilikuwa sauti ya mwanamume mmoja, lakini ilikuwa askari, ikawa mwanamke anayelia, ikawa mbwa, ikawa gari linalokata kona, halafu ikasema, "Subirini kidogo, mke wangu anapita na thermosi." Papa Keza alikuwa msobanuzi. Kigali watu wa namna hii wanajulikana: filamu inakuja na lugha ya kwao, msobanuzi anaweka sauti yake juu na kuieleza mwanzo mpaka mwisho. Wengi wanarekodi na kuuza. Yeye hakurekodi. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni yake iliyofungwa kwa utepe wa gundi, amevaa koti lake la kahawia hata kukiwa na jua, akawaeleza watu walio mbele yake, nusu Kinyarwanda na nusu Kiswahili, kwa sababu alikulia Ngara na Kiswahili alikipenda kama mtu anavyompenda rafiki wa utotoni. Watu wa Batsinda waliingia na viti vyao. Mama Keza alitoa chai na kila mtu alikuja na kitu, viazi vya kuchemsha, ndizi, mandazi ya Mama Solange yaliyofunikwa kwa kitambaa.

Jumapili ya kwanza niliyoingia, nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango ili niweze kukimbia. Filamu ilikuwa ya zamani sana, nyeusi na nyeupe. Papa Keza aliipata mjini bila jalada, na kipande cha mwanzo kilikuwa kimekufa, hivyo ikaanza moja kwa moja na polisi wakigonga mlango wa nyumba ya wageni. Ndani kulikuwa na wanaume watatu ambao hata hawakuwa wanafahamiana: kinyozi, mwoka mikate, na mpiga tarumbeta aliyekuwa anasubiri treni ya asubuhi. Ng'ambo ya barabara sonara alikuwa ameuawa. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama dirishani kwake, akawaonyesha kidole: ndio hao. Kilichonishika mimi ni huyo mwanamke. Hakuwa mbaya. Alikuwa na uso wa mtu anayewapelekea wagonjwa uji. Alisema alichoamini amekiona, na kila alipokirudia kikazidi kuwa kweli machoni pake.

"Huyu mama anasema amewaona," Papa Keza alisema kwenye maikrofoni. "Amewaona wapi, na mvua yote hii? Mama, vaa miwani!"

"Papa Keza, kinyozi hawezi kuua!" Eriki alipiga kelele kutoka sakafuni. Eriki mwenyewe alikuwa kinyozi, pale njia ya kwenda Kagugu. "Sisi wembe ni ya kazi!"

"Wewe nyamaza. Kesi yako iko inakuja."

"Nitamnyoa hakimu bure, rwose, kabisa."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini niliona pia kitu nilichokiandika usiku ule bila kukielewa. Polisi walipowapanga wale watatu ukutani, na mwanamke akapita mbele yao taratibu akinyoosha kidole, vijana waliendelea kupiga kelele, ila wamama wa benchi la mbele walinyamaza wote kwa pamoja. Mmoja aliweka kikombe chini. Papa Keza aliwatazama kidogo tu, akaanza kuongea haraka haraka, akatia mzaha kuhusu kofia ya polisi, akatia mwingine, mpaka mama yule akachukua kikombe chake tena.

Mwishoni kinyozi wa filamu alikufa gerezani. Alikuwa mgonjwa wa kifua. Daktari alisema kwa Kiingereza kilicho wazi kabisa kwamba amekufa, na siku iliyofuata muuaji wa kweli akakamatwa, na wale wawili wakatoka mlango mkubwa bila mwenzao. Papa Keza akasema: "Amelala. Amechoka na maneno ya hakimu. Kesho anatoka, anakwenda kwa dada yake Bukoba, anafungua saluni." Akazima televisheni kabla ya kaburi. Watu wakapiga makofi. Eriki akasimama na kuinama kama vile ni yeye aliyeachiwa.

Kiingereza ndicho kitu pekee nilichokiweza maishani wakati ule. Masista wa Karagwe walikuwa wamekitia kichwani mwangu kwa fimbo na nyimbo. Nilibaki nyuma kukusanya vikombe, kwa sababu mtu mwenye aibu anapenda kuwa na kitu mikononi, na nilipompa Mama Keza vikombe nikasikia mdomo wangu unasema: "Yule kinyozi alikufa." Nilisema kwa Kiswahili, chini chini. Papa Keza alikuwa anakunja waya. Aligeuka.

"Umesemaje, binti?"

Sikuweza kurudia. Mama Keza alirudia kwa niaba yangu, akicheka. Papa Keza akaketi kwenye spika yake.

"Nimeona. Unafikiri sijaona? Wale wamama wa mbele, mimi niwape maiti Jumapili? Kuna watu hapa, tangu tisini na nne, wakiona mtu anaonyeshwa kidole, chai inawashinda. Waende nyumbani na huyo kinyozi yuko Bukoba. Anamdhuru nani huko?" Halafu akanitazama vizuri. "Kwani unasikia yote wanayosema? Hata yule hakimu?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Akampiga mke wake kofi la begani. "Mama Keza! Mwaka mzima namwomba Mungu mtu wa kunielezea mahakimu!"

Ilikuwa kweli. Filamu za kupigana alizimudu, kwa sababu ngumi haihitaji kamusi. Lakini ile ilikuwa na saa nzima ya mahakama, na yeye alikuwa ameijaza kwa maneno ya kubuni, ugomvi wa shamba na ng'ombe aliyepotea. Watu walikuwa wameipenda na walitaka kuiona tena, na yeye safari hii alitaka kuieleza sawasawa. Yote isipokuwa kifo, alisema. Kifo hicho tutakiachia Bukoba.

Jumapili ya pili Shangazi alinikuta pale. Alikuwa amerudi mapema kutoka kanisani, akasimama mlangoni na Biblia kwapani. Hakunigombeza mbele ya watu. Alinisubiri nyumbani, miguu ikiwa ndani ya beseni. "Mimi nimekuchukua ili usome," alisema. "Nyumba za video ninazijua, nimeona zilivyowaharibu wasichana Kampala na hapa. Papa Keza ni jirani mzuri, sisemi. Lakini nikisikia umeingia pale mara ya pili, muhula ukiisha unarudi Karagwe. Sirudii hilo neno." Shangazi hakuwa mtu wa kutisha bure. Alikuwa amewahi kuacha kazi ya miaka sita kwa sababu ya neno moja la bosi. Nilisema ndiyo.

Nikarudi pale Jumatano iliyofuata. Jumatano shule ilitutoa mapema, Shangazi alikuwa Nyarutarama, na nilimwambia ni mazoezi ya kwaya. Nikiulizwa leo kwa nini, naweza kusema ni filamu, lakini si filamu. Ni kwamba mle ndani nilikuwa na kazi. Papa Keza alibonyeza, hakimu akasema, nikaeleza, akaandika kwenye karatasi za kalenda kwa herufi kubwa, kisha akalijaribu neno kwa sauti tatu tofauti. "Shaka," alisema. "Kama kuna shaka, wasifungwe. Hiyo ndiyo sheria yao? Nzuri sana. Hakimu mwenyewe aliisikia?" Mama Keza alikaa kwenye mlango ulio wazi akichambua maharage kwenye ungo, akiingilia kati: "Huyo mwendesha mashtaka mwambie apunguze, anatema mate." Nilikula kwake isombe, kisamvu chao, yenye karanga, nzito, iliyopashwa moto mara ya pili. Sijawahi kula isombe nyingine ikanifurahisha hivyo. Wiki nne, Jumatano nne. Niliongea zaidi katika saa zile kuliko katika miezi yote niliyokaa Kigali.

Jumatano ya nne mvua ilinyesha tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Jioni ile spika ya umudugudu, yaani ya serikali ya mtaa wetu, ikawa haipo. Ilikuwa spika kubwa ya matangazo, yenye maikrofoni yake, iliyokaa ofisini kwa mkuu wa umudugudu na kutuamsha siku za kazi za pamoja. Mama Solange alisema alimwona mtu kwenye mvua, amevaa koti la kahawia, amebeba kitu kikubwa kilichofungwa kwa kitenge, anatoka upande wa ofisi. Saa ngapi? Saa tisa, labda na nusu. Nani? Akasita, na kusita kwake kulikuwa kwa kweli, kwa sababu alimpenda Papa Keza na mandazi yake mengi yaliliwa kwa Papa Keza. Halafu akasema koti analijua.

Nani mwingine alikuwa na koti la kahawia na haja ya spika? Papa Keza aliulizwa alikuwa wapi. Alijibu: "Nyumbani, na mke wangu." Mama Keza akasema ndivyo. Watu wakatazamana, kwa sababu mke atasema nini kingine? Nilikuwa nimesimama pale bombani na jerikeni yangu nikisikiliza. Papa Keza alinipita kwa macho kana kwamba mimi ni jerikeni ya pili. Alikuwa akijua alichoniambia Shangazi, nilikuwa nimemweleza mwenyewe. Ningesema, angepona, na mimi ningerudi Karagwe. Ningenyamaza, ningebaki Kigali na yeye angebaki na lile koti.

Wiki ile chumba chake kilikuwa kitupu. Jumapili alifungua mlango kama kawaida, akawasha televisheni, akajaribu maikrofoni, moja, mbili. Nilikuwa dirishani kwangu. Eriki peke yake ndiye aliyeingia, akakaa dakika kumi, akatoka akiangalia simu. Mkuu wa umudugudu, ambaye kila mtu alimwita Mudugudu tu, mama mnene mwenye haraka, alitangaza kwa mdomo, maana spika haikuwapo, kwamba Jumanne kwenye kikao cha wananchi jambo hili lisipopata jibu ataandika barua liende polisi. Usiku niliandika: *Wale watatu walikuwa na bahati, wao walikuwa filamu.* Nikaufuta mstari huo kwa sababu ulikuwa wa kijinga, nikauandika tena.

Jumanne tulikaa uwanjani mbele ya ofisi, wengine kwenye mabenchi, wengine kwenye nyasi na vitenge. Mama Solange alisema yake. Papa Keza alisimama, amevaa koti lake. Nadhani alilivaa makusudi, kwa sababu kulivua kungekuwa kukubali. Mudugudu akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa na daftari tumboni, chini ya sweta. Nilikuwa nimejifundisha sentensi moja ya Kinyarwanda asubuhi nzima, na ilipofika wakati wake haikuwepo. Miguu tu ndiyo ilifanya kazi. Nilitembea mpaka mezani, nikafungua ukurasa wa Jumatano, nikamwekea Mudugudu mbele, nikaweka kidole juu ya tarehe.

"Ni nini hii?" Aliinua daftari, akalisogeza mbali na macho, akalileta karibu. "Ni Kiswahiri. Mimi Kiswahiri yangu ni ya soko, siwezi soma mwandiko kama huu. Nani anasoma Kiswahiri hapa?"

Na hapo watu wa Batsinda wakafanya kosa ambalo nadhani wangelifanya wao tu. Walisahau kwa nini tumekaa pale. Kwa miaka walikuwa wamezoea kwamba kitu chochote kikija na lugha yake, mtu wa kukieleza ni mmoja. "Papa Keza!" wakasema wote. "Papa Keza aisobanure!" Mtu mmoja akasema lakini yeye ndiye mshitakiwa, Eriki akamjibu, "Basi nani, wewe?" na kukawa na kicheko cha kwanza tangu wiki ile ianze. Mudugudu mwenyewe akacheka, akamnyooshea daftari.

Alianza vizuri. Alisoma kimoyomoyo mstari, akauinua kwa Kinyarwanda, kwa sauti yake ile ya Jumapili: "Ni siku ya Jumatano. Inanyesha. Paa linapiga kelele kama watu wanamwaga mahindi." Watu wakatulia. Niliona macho yake yakishuka kwenye mstari uliofuata, halafu yakainuka, yakapita juu ya kichwa changu. Niligeuka. Shangazi Donata alikuwa amesimama mwisho wa uwanja na mkoba wake begani. Mabosi wake walisafiri, walimruhusu mapema.

Papa Keza akarudi kwenye ukurasa. "Halafu," alisema, "mtoto ameandika juu ya mvua. Mvua, mvua. Ameandika kwamba amekaa nyumbani akasoma biolojia. Hapa kuna mambo ya panzi, miguu sita." Akageuza ukurasa kana kwamba anatafuta zaidi. "Ni masomo, Mudugudu. Amechanganya daftari. Ni mtoto, tumsamehe." Akalifunga.

Nilikuwa nimemsikia akiwabadilishia watu mambo mara nyingi, na mara zote nilikaa kimya, na mara zote nilifurahi. Safari hii alikuwa amebadilisha ili yeye aende polisi na mimi nibaki na kitanda changu cha chumba cha nyuma. Alinirudishia daftari kwa mikono miwili, kwa heshima, kama unavyompa mtu mzima kitu. Nikasema, "*Ntabwo ari byo.*" Si hivyo. Kilikuwa Kinyarwanda changu cha kwanza mbele ya watu, na kilitoka na lafudhi ya Karagwe tupu. Mtu akacheka. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, nikafungua ukurasa.

Nilisoma kwa Kiswahili, kisha nikaeleza kwa Kinyarwanda kile kile, nikijikwaa, watu wakinitupia maneno niliyoyakosa kama watu wanavyomrushia mtu kamba. "*Shangazi anajua niko kwaya. Niko kwa Papa Keza tangu saa nane. Mama Keza anachambua maharage, amepata mawe manne.*" Hapo Mama Keza akasema, "Matano." "*Tumerudia hotuba ya hakimu mara saba. Papa Keza hawezi kutoka hata akitaka, mvua ni kubwa, na koti lake liko kwenye kamba ya ndani linakauka tangu asubuhi.*" Ningeweza kuishia hapo. Lakini mistari iliyobaki ilikuwa inanitazama, na nilijua nikiiruka nitakuwa nimefanya alichofanya yeye. Nikasoma: "*Mudugudu amepita barabarani na mwavuli akimgombeza mtu, kwa kweli yeye hahitaji spika.*" Uwanja ukalipuka. Mudugudu akafunika uso kwa barua yake. Nikasubiri watulie, kwa sababu wa mwisho ndio ulikuwa mgumu. "*Saa kumi na moja nimetoka. Shangazi atarudi miguu imevimba na mimi nitamdanganya tena. Sijisikii vibaya kama inavyotakiwa.*"

Huo sikuueleza kwa Kinyarwanda. Mtu niliyekuwa namsomea alikuwa anaelewa.

Mudugudu alimwita Shangazi mbele. "Donata, huyu ni wa kwako. Siku ile alikuwa wapi?"

"Aliniambia kwaya."

"Na mwandiko?"

Shangazi alichukua daftari, akausoma ukurasa wote, bila haraka. "Ni wake," alisema. "Huyu mtoto anadanganya kwa mdomo. Kwenye daftari hadanganyi, hiyo nimeiona leo." Akalifunga, akaliweka ndani ya mkoba wake mwenyewe, akanishika mkono.

Nyuma yetu nilimsikia Mama Solange akiuliza, si kwa ubishi, kama mtu aliyepotelewa na kitu: "Basi mimi nilimwona nani?" Jibu lilikuja baada ya siku tisa, makamu wa Mudugudu aliporudi kutoka harusi ya mdogo wake huko Huye, akashangaa kwa nini watu wamenuna. Alikuwa amempa fundi spika akaitengeneze, kabla ya kupanda gari, na hakumwambia mtu. Fundi alikuja nayo mwenyewe. Koti lake lilikuwa la kijani. Mama Solange alikwenda kwa Papa Keza na beseni zima la mandazi, akasimama mlangoni akilia, na Papa Keza akamwambia aingie, filamu inaanza.

Shangazi alitimiza neno lake. Nilidhani baada ya yote yale hatalitimiza, na watu wengi walimwendea kuniombea, Mudugudu pia. Aliwasikiliza wote, akawapa chai, akasema nimedanganya Jumatano nne. Muhula ulipoisha nilirudi Karagwe, nikamalizia shule huko. Nilikasirika karibu mwaka mzima. Sikumwandikia. Siku hizi sina hasira, lakini sitasema kwamba alifanya sawa, kwa sababu chumba kile sikukiona tena, wala watu waliokuwamo, mpaka mmoja wao alipokufa.

Asubuhi ya kuondoka aliamka kunipikia chapati. Alizifunga kwa karatasi, akaziweka juu ya nguo, akanirudishia daftari, akaanza kufunga sanduku langu kwa kamba, goti moja juu yake. Aliongea na ile kamba, hakunitazama.

"Siku ile pale uwanjani," alisema. "Mimi ningekaa kimya. Ningemwacha Papa Keza aende polisi."

Aliikaza kamba.

"Hilo usiandike."

Sikuliandika. Niliandika chapati ngapi, niliandika rangi ya kamba, hilo sikuliandika kwa miaka minne. Wiki tatu zilizopita, tulipotoka msibani tukitembea polepole kwa ajili ya miguu yake, nilimwuliza kama bado amekataza. Aliamkia watu wawili njiani, akauliza bei ya nyanya na hakununua.

"Papa Keza alilijua," alisema mwisho. "Nilikwenda kumwambia mwenyewe, wiki ile ile uliyoondoka. Alisema tungekuwa wawili, kwa sababu hata yeye alikuwa anaomba unyamaze." Akanishika mkono ili tuvuke barabara. "Andika."